Ibn Sina: tabibu aliyefundisha kuipima dawa kabla ya kuisifu

Sifa zote njema anazistahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, katika safu yetu ya Ijumaa ya leo tumekusudia kueleza kwa muhtasari maisha ya tabibu ambaye jina lake halikosekani kila inapotajwa elimu ya tiba katika historia ya Waislamu. Huyu ni Abu Ali al-Husayn bin Abdallah bin Sina, maarufu kwa jina la Ibn Sina, ambaye watu wa Ulaya wamemzoea kwa jina la Avicenna.

Kilichotusukuma kumwandika ni jambo tunaloliona hapa kwetu Majengo, mjini Moshi, na bila shaka wasomaji wa miji mingine wanaliona pia. Baada ya Sala ya Ijumaa hupangwa mezani chupa za kitunguu saumu kilichosagwa na kuchanganywa na asali, mafuta ya habbasoda na unga wa mizizi. Hakuna ubaya katika biashara hiyo. Lakini wako wauzaji wanaotangaza kwamba mchanganyiko huo unaponya saratani, na ili watu waamini, husema kwamba hayo yamo katika vitabu vya Ibn Sina. Kwa kuwa mtu huyu anatajwa ili mgonjwa atoe fedha zake na, zaidi ya fedha, atoe muda wake wa kutibiwa, ni haki msomaji ajue alikuwa nani, aliandika nini juu ya kitunguu saumu, na aliandika nini juu ya saratani.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Ibn Sina alizaliwa mwaka 370 Hijria, sawa na mwaka 980 Miladia, katika kijiji cha Afshana karibu na mji wa Bukhara, ambao leo umo katika nchi ya Uzbekistan. Baba yake alikuwa mtu wa Balkh aliyehamia huko akawa mtumishi wa serikali ya Wasamani, na mama yake, aliyeitwa Sitara, alikuwa mwenyeji wa Afshana. Familia ilipohamia Bukhara, mtoto alipelekwa kwa walimu, na alipofikisha miaka 10 alikuwa ameihifadhi Qur'ani na kusoma sehemu kubwa ya fasihi ya Kiarabu.

Katika habari za utoto wake kuna moja ambayo wauza mboga wa soko la Mbuyuni wangeifurahia. Baba yake alipotaka ajifunze hesabu za Kihindi, yaani hesabu kwa tarakimu hizi tunazozitumia leo, hakumpeleka kwa mwanachuoni mwenye kilemba kikubwa. Alimpeleka kwa muuza mboga mmoja wa mjini ambaye alizijua kwa sababu ya biashara yake. Mtoto akakaa dukani, kati ya mafungu ya mboga, akajifunza. Fiqhi aliisoma kwa Ismail az-Zahid, na mantiki pamoja na jiometri akaanza kuzisoma kwa mwalimu aitwaye an-Natili, ambaye haukupita muda mrefu mwanafunzi akawa anamfafanulia mwalimu.

Alipokuwa na umri wa miaka kama 16 aliingia katika elimu ya tiba. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba hakuiona kuwa miongoni mwa elimu ngumu. Lakini msomaji asipite haraka hapa, kwani ameeleza pia kwamba hakutosheka na vitabu. Alianza kuwaona wagonjwa, na katika kuwaona huko akafunguliwa milango ya tiba inayotokana na majaribio, ambayo haiwezi kupatikana kwa kusoma peke yake. Tabia hii ya kukiuliza kitabu kwa mgonjwa na kumuuliza mgonjwa kwa kitabu ndiyo iliyomtofautisha na wengi.

Usiku alikuwa akisoma kwa mwanga wa taa. Lilipomtatiza jambo alikwenda msikitini, akasali na kumuomba Mola wake amfungulie. Kitabu cha Aristotle juu ya elimu ya mambo yaliyo nyuma ya maumbile alikisoma mara 40 bila kukielewa, hadi siku moja sokoni dalali alipomuuzia kwa dirhamu 3 kitabu kidogo cha al-Farabi kilichofafanua makusudio yake. Akakielewa, na kesho yake akatoa sadaka kwa mafakiri kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu.

Mtawala wa Bukhara, Nuh bin Mansur, alipougua maradhi yaliyowashinda matabibu wake, kijana huyu aliitwa ashirikiane nao. Mtawala alipona, na Ibn Sina akaruhusiwa kuingia katika maktaba ya kasri, yenye vyumba vingi, na kila chumba masanduku ya vitabu vya fani moja. Alipofika miaka 18 alikuwa amemaliza elimu zote za zama zake.

SAFARI, UWAZIRI NA GEREZA

Baba yake alifariki, na utawala wa Wasamani ukaporomoka. Kuanzia hapo maisha ya Ibn Sina yakawa ya mtu asiye na makazi. Alitoka Bukhara akaenda Gurganj, kisha akapita mji baada ya mji katika Khurasan hadi Jurjan, karibu na Bahari ya Kaspi, kumtafuta mtawala Qabus aliyesifika kwa kuwapenda wanachuoni. Alipofika, Qabus alikuwa amepinduliwa na kufa kifungoni. Lakini huko Jurjan alimpata mtu aliyekuwa na faida kubwa kwake na kwetu, naye ni Abu Ubayd al-Juzjani. Huyu alikuwa mwanafunzi wake na sahibu yake kwa miaka 25 hivi, na ndiye aliyetuandikia habari za maisha yake hadi kifo chake. Huko Jurjan ndiko alikoanza kuandika al-Qanun fit-Tibb, yaani Kanuni ya Tiba.

Kutoka Jurjan alikwenda Rayy, kisha Hamadan, katika Iran ya leo. Mtawala wa Hamadan, Shams ad-Dawla, alikuwa na maradhi ya msokoto wa tumbo. Ibn Sina alimtibu akapona, na mtawala akamfanya waziri. Askari hawakumpenda waziri huyu, wakaizingira nyumba yake, wakapora mali yake na kutaka auawe. Alijificha siku 40 katika nyumba ya rafiki yake. Maradhi ya tumbo yalipomrudia mtawala, alitafutwa, akaombwa radhi na kurudishiwa uwaziri. Mchana alifanya kazi za serikali na usiku alifundisha na kuandika.

Shams ad-Dawla alipofariki mwaka 1021, Ibn Sina alituhumiwa kuwasiliana kwa siri na mtawala wa Isfahan, akafungwa miezi 4 katika ngome ya Fardajan. Hata humo hakuacha kuandika. Baadaye alitoroka Hamadan pamoja na al-Juzjani, ndugu yake na watumwa wawili, wote wakiwa wamevaa mavazi ya masufi, wakafika Isfahan ambako alipokewa kwa heshima na Ala ad-Dawla. Huko aliishi salama kuliko pengine popote.

Hatutaki, ndugu msomaji, tumfanye kuwa malaika. Ameandikwa kuwa na mapungufu katika mwenendo wake, na baadhi ya maoni yake ya falsafa yalikosolewa vikali na wanazuoni, akiwemo Imam al-Ghazali aliyefariki mwaka 1111. Lakini al-Ghazali mwenyewe alitenganisha falsafa ile na elimu ya tiba, wala hakuona kwamba dini inamtaka mtu aikanushe tiba. Sisi tunamchukua kwa kile alichokuwa nacho.

KITABU CHA AL-QANUN

Al-Qanun ilikamilika kiasi cha mwaka 1025. Ina vitabu vitano. Cha kwanza ni misingi ya tiba. Cha pili ni dawa moja moja, karibu 800, nyingi zikiwa mimea. Cha tatu ni maradhi ya kila kiungo kuanzia kichwani hadi miguuni. Cha nne ni maradhi yasiyokaa katika kiungo kimoja, kama homa, uvimbe, mivunjiko na sumu. Cha tano ni dawa za kuchanganywa. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikitafsiri kwa Kilatini mjini Toledo, Hispania, na vyuo vikuu vya Ulaya vikakisomesha hadi karne ya 17.

Kitunguu saumu kimo katika kitabu cha pili. Ibn Sina amekieleza kuwa ni chenye nguvu ya moto na ukavu, kinachotawanya upepo tumboni na kufaa katika kikohozi na kuumwa na wadudu wenye sumu. Pia ametaja madhara yake, kwamba kinaumiza kichwa, kinadhuru macho, na kikiwekwa juu ya ngozi kinaitoa vidonda. Kila aliyewahi kujifunga kitunguu saumu kibichi juu ya jipu usiku kucha anajua kwamba hapo alisema kweli.

Saratani imo katika kitabu cha nne, katika mlango wa uvimbe. Ameieleza kuwa ni uvimbe mgumu unaoanza mdogo, kisha ukakua na kutoa mizizi inayoenea pembeni, na kwamba imeitwa kwa jina la kaa ama kwa jinsi inavyoshika, ama kwa kuwa mishipa iliyoizunguka hufanana na miguu ya kaa. Kuhusu tiba yake, ametaja kwamba ikigunduliwa mwanzoni huenda ikazuiwa isizidi. Ikiwa ndogo na mahali pake panaruhusu, ikatwe, na anayekata aondoe na kile kilichoizunguka ili usibaki mzizi. Ile iliyojificha ndani ya mwili aliona bora isichokozwe. Wala hakuficha kushindwa kwa tiba, kwani alisimulia habari ya tabibu wa kale aliyelikata titi lenye saratani lote, kisha saratani ikatokea katika titi la pili.

Sasa msomaji azingatie jambo hili. Ibn Sina alionya kwamba dawa zinazowekwa juu ya saratani zisiwe kali, kwa kuwa dawa kali huizidishia shari. Na kitunguu saumu amekihesabu miongoni mwa vitu vikali vinavyochoma. Basi anayeuza kitunguu saumu kuwa dawa ya saratani kwa jina la Ibn Sina anamnasibishia mtu kinyume cha alichokiandika. Elimu yake ya chanzo cha saratani ilikuwa ya zama zake, kwani aliamini kwamba inatokana na nyongo nyeusi, na leo hakuna tabibu anayeamini hivyo. Lakini mambo mawili aliyoyashika, kuwahi na kukata kwa ukamilifu, yamebaki kuwa nguzo za tiba ya uvimbe huu hadi leo.

MASHARTI SABA YA KUIPIMA DAWA

Mwanzoni mwa kitabu cha pili Ibn Sina ameweka masharti ya kujua nguvu ya dawa kwa majaribio. Tunayaeleza kwa maneno yetu na kwa mifano ya kwetu.

La kwanza ni kwamba dawa iwe katika hali yake ya asili, isiwe imepata sifa ya kuazima, kama maji ambayo asili yake ni baridi lakini yamechemshwa. Kitunguu saumu kinatufundisha ukweli wa sharti hili. Kikiwa kizima hakina harufu kali. Kikipondwa, kimeng'enya kilichomo humo hukutana na kemikali nyingine yenye salfa, na ndipo inapozaliwa alisini, ile yenye harufu tunayoijua. Moto huua kimeng'enya hicho. Kwa hiyo kitunguu kilichopondwa na kuachwa dakika kama 10 kabla ya kupikwa, na kile kilichotumbukizwa kizima katika mchuzi unaochemka, si kitu kimoja, na chupa iliyokaa juani miezi 6 ni kitu cha tatu.

La pili ni kwamba ugonjwa unaojaribiwa uwe mmoja, usiwe umechanganyika na mwingine. Mtu aliyekuwa na vidonda vya tumbo na gesi akapata nafuu baada ya kubadili chakula hawezi kuwa ushahidi wa kupona saratani ambayo haikupimwa.

La tatu ni kwamba dawa ijaribiwe katika maradhi yenye tabia zinazopingana, ili ijulikane inafanya kazi kwa asili yake au kwa sadfa.

La nne ni kwamba nguvu ya dawa ilingane na nguvu ya ugonjwa, na mjaribu aanze na kidogo kisha apande.

La tano ni kutazama wakati. Athari ikionekana mara moja baada ya dawa ni jambo moja, ama ikionekana baada ya muda mrefu huenda sababu ni nyingine.

La sita ni kwamba athari ijirudie daima au mara nyingi, vinginevyo imetokea kwa bahati. Hapa tuikumbuke habari ya mwaka 2011, wakati maelfu kwa maelfu ya watu kutoka kila pembe ya Tanzania na nchi jirani walipopita mikoa hii yetu ya kaskazini kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa shilingi 500. Wako waliofia njiani, na wako walioacha dawa za hospitali. Waliosema wamepona walisikika sana. Lau sharti la sita lingefuatwa, wangehesabiwa wote walionywa, waliopona na waliokufa, kabla mtu hajauza ng'ombe wake kulipia gari.

La saba ni kwamba dawa ijaribiwe katika mwili wa binadamu, kwa kuwa kuijaribu kwa simba au farasi si hoja juu ya mtu. Sharti hili ndilo linalovunjwa zaidi leo. Ni kweli kwamba katika maabara, kemikali za kitunguu saumu zimeua seli za saratani ndani ya kisahani cha kioo. Lakini chumvi na siki navyo vikimiminwa katika kisahani hicho vitaua seli, na hakuna aliyesema kwamba achari inaponya saratani.

WALIOFUATA NJIA HIYO

Je, kuna waliokipima kitunguu saumu kwa sharti la saba? Wako. Katika wilaya ya Linqu, jimbo la Shandong nchini China, ambako saratani ya tumbo ni nyingi, watu 3,365 waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi yao walipewa vidonge vya kitunguu saumu kuanzia mwaka 1995 hadi 2003, wengine vidonge visivyo na kitu, na wote wakafuatiliwa. Matokeo ya miaka 22 yalichapishwa mwaka 2019. Waliopewa kitunguu saumu waliokufa kwa saratani ya tumbo walikuwa wachache zaidi. Lakini katika idadi ya walioupata ugonjwa, tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuondoa shaka. Na wale waliopewa dawa za hospitali kwa wiki 2 tu, za kuua bakteria anayeishi tumboni, walipungukiwa na yote mawili, kuugua na kufa. Msomaji aone pia kwamba hawa walikuwa watu ambao bado hawajaugua saratani. Ilikuwa kinga, si tiba ya aliyekwishaugua.

Wala hatusemi kwamba mimea haitibu saratani. Katika bustani nyingi za Moshi kuna ua dogo la rangi ya waridi au jeupe, asili yake Bukini, yaani Madagaska. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wa Canada na Marekani waligundua katika majani yake dawa mbili kali za saratani, vinblastini na vinkristini. Katika miaka hiyo hiyo, jirani zetu Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago alikuwa akiwaona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Aliandika juu yake mwaka 1958, na mwaka 1961 alisafiri kwa gari kupita nchi nyingi za Afrika akiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi ugonjwa huo unaonekana. Uvimbe huo ukaitwa kwa jina lake, na vinkristini ikawa miongoni mwa dawa zinazoutibu, na wengi wa watoto wanaowahishwa na kumaliza tiba hupona. Lakini ua hilo ni sumu. Linahitajika rundo kubwa la majani kupata dawa kidogo sana, na kipimo kikizidi kidogo huua. Aliyetafuna majani yake bustanini hakutumia dawa. Baadaye Burkitt, aliyefariki mwaka 1993, alitumia miaka mingi kuwashauri watu wa Ulaya warudie chakula chenye makapi na nyuzinyuzi, kama alichowaona Waafrika wakila, kwa ajili ya kinga ya utumbo.

HALI YA KILIMANJARO

Mkoa wetu una mtihani wake. Saratani ya umio, yaani ya njia ya chakula, inaonekana sana katika ukanda huu wa Afrika Mashariki, na wagonjwa wengi wa Kilimanjaro hufika Hospitali ya Rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, wakati hata uji haupiti. Pombe na tumbaku ni miongoni mwa sababu zinazojulikana, na Uislamu umekwisha kuwatosheleza wafuasi wake katika hilo la pombe. Lakini iko na chai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima chai wanayokunywa watu wa mkoa huu, ukakuta kwamba kwa wastani huanza kuinywa ikiwa na joto la nyuzi 70 hivi. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vile vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Kuiacha chai ipoe dakika chache hakumgharimu mtu hata senti moja.

Tumemjua mama mmoja wa mtaani kwetu aliyeanza kukwama chakula kooni wakati wa Rajabu. Aliambiwa kwamba ni upepo, akauziwa kitunguu saumu na asali, kijiko asubuhi na jioni. Kilimchoma, akaambiwa kuchoma ndiko kupona. Ramadhani ilimkuta akinywa maji tu, na alipopelekwa hospitali, madaktari hawakuwa na la kufanya ila kumpunguzia maumivu. Tulimsalia kabla ya Idd el-Hajj. Ajali iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, lakini miezi ile ilikuwa mikononi mwa watu. Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) yamemfanya anayejitia utabibu bila kujulikana kuwa na elimu hiyo awe mdhamini wa madhara anayoyasababisha, na mafakihi wameandika juu ya hilo. Anayeuza na ajiulize atajibu nini.

KIFO CHA IBN SINA

Turudi kwa tabibu wetu. Akiwa safarini na jeshi la Ala ad-Dawla, Ibn Sina alipatwa na maradhi yale yale aliyokuwa akiwatibu wafalme, msokoto wa tumbo. Kwa kuogopa kuachwa nyuma njiani, alitaka kupona haraka, akajipiga bomba la dawa mara 8 katika siku moja. Utumbo wake ukatoka vidonda. Akaagiza katika dawa yake zitiwe mbegu za figili za kiasi kidogo, danaki 2 tu, ambazo hazifiki dirhamu moja. Tabibu aliyekuwa akimhudumia akatia dirhamu 5, na al-Juzjani ameandika kwamba hakujua kama alifanya kwa makusudi au kwa kukosea. Vidonda vikazidi. Kisha mmoja wa watumishi wake akamtilia afyuni nyingi katika dawa nyingine.

Alipopata nafuu kidogo alirudi kazini, maradhi yakarudi. Alipojua kwamba nguvu za mwili wake zimekwisha, aliacha kujitibu. Akaoga, akatubu, akatoa mali yake sadaka kwa mafakiri, akarudisha haki za aliowadhulumu kwa kadiri alivyowakumbuka, akawaacha huru watumwa wake, na akawa anakhitimu Qur'ani kila siku 3. Alifariki mjini Hamadan katika mwezi wa Ramadhani mwaka 428 Hijria, sawa na mwaka 1037 Miladia, akiwa na umri wa miaka 57, na kaburi lake liko huko hadi leo.

Mtu aliyeandika kwamba nguvu ya dawa lazima ilingane na ugonjwa alidhuriwa na mbegu za mboga zilizozidi kipimo. Hili peke yake linatosha kumjibu anayesema kwamba mti shamba hauna madhara.

TUNAYOPASWA KUYACHUKUA

Ndugu Waislamu na wasomaji wote, kitunguu saumu ni neema. Na kileni, pamoja na mchicha, mnafu, kabichi, nyanya na matunda ya mlimani, kwani Shirika la Afya Duniani limeshauri mtu mzima ale mboga na matunda yasiyopungua gramu 400 kwa siku. Mkimaliza kula kitunguu saumu kibichi, msiende nacho msikitini mkawaudhi wenzenu, maana hilo tumekatazwa.

Lakini chakula cha kinga kisifanywe badala ya tiba. Mwenye uvimbe katika titi, anayekwama chakula, anayetokwa na damu isiyo ya kawaida, au mwenye kidonda kisichopona, aende hospitali mwezi huu huu, si baada ya kumaliza chupa tatu. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu au anayesubiri kupasuliwa amwambie daktari kama anakula kitunguu saumu kwa wingi, kwani nacho hupunguza kuganda kwa damu. Na mabinti wapelekwe kupata chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ilitolewa kwa majaribio hapa mkoani Kilimanjaro mwaka 2014 kabla ya kuenezwa nchi nzima mwaka 2018.

Na atakayekuuzia dawa kwa jina la Ibn Sina, muulize imepita masharti mangapi kati ya yale saba.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atupe elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi Tawfiq.